Miaka Yangu Sita ya Berlin

Jumatatu, 3 Machi

Balaa! Marjeta kapandishwa cheo. Mke wangu, binti wa Ljubljana, injinia wa lifti, mwanamke anayeweza kuning'inia kwenye shimo la ghorofa kumi na mbili huku akila tufaha. Wamempa ukuu wa idara. Idara yenyewe iko Berlin. Akitaka kubaki hapa Vienna atabaki, lakini na cheo chake cha zamani. Kampuni inataka jibu Jumatatu ijayo.

Nikampongeza. Nikambusu. Nikaenda chooni, nikakaa juu ya kifuniko.

Akaniambia kupitia mlangoni kwamba yeye hana wasiwasi hata kidogo. Berlin mimi naijua nje ndani. Miaka sita si mchezo, akasema.

Niandike hapa, kwa kuwa daftari halina mdomo. Berlin nilikaa siku tisa. Ilikuwa miaka kumi na moja iliyopita, nikitoka Wales kuja hapa kufundisha Kiingereza. Katika hizo tisa, sita nililala na homa kwenye hosteli ya bei poa karibu na stesheni. Ninachokijua cha Berlin ni dari. Ilikuwa na doa la unyevu lenye umbo la buti.

Miaka sita niliitunga siku ya kwanza nilipomtoa Marjeta kwa kahawa. Alisema ana hamu sana na Berlin. Nikaogopa ataniona mtu wa hivi hivi tu. Ulimi ukatangulia. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina mwaka wa kumi sasa, na inaelekea kupanda treni.

Lakini nina mkakati. Marjeta haamui jambo bila jedwali. Keshabandika moja kwenye friji. Vienna upande huu, Berlin upande ule, kila mstari alama kumi. Kodi ya nyumba, majirani, usafiri, hewa, maji, mkate. Nikiliongoza jedwali, jedwali litamwongoza mke.

Kitu kimoja tu kimenitia ubaridi. Mstari wa mwisho kabisa, chini ya mkate, kaandika jina langu: EMRYS. Visanduku vyote viwili vitupu. Ana maana gani?

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka kabla yake. Penseli ile ile. Maji: Vienna kumi (yanatoka milimani, haki yao), Berlin mbili. Hewa: Vienna saba, Berlin tatu. Mkate nikaona nisizidishe, Berlin nne. Nikaongeza mstari wa mikahawa. Hapa unanunua kikombe kimoja, unakaa nacho mpaka jioni, unasoma magazeti yao bure, mhudumu anakudharau kimya kimya. Kumi! Nikaongeza na madansi. Vienna kumi tena, ingawa kila msimu, waltz ikianza, ile dansi ya mapigo matatu, mimi hujificha chumba cha makoti mpaka iishe. Hata harusini kwangu nilisingizia goti.

Marjeta akanywa chai mbele ya friji. Kisha akasema kuna saba fulani hazina kistari katikati.

Miaka kumi na moja huku na bado naandika saba za Wales! Watu wote wa huku huzikata kistari. Nikajitetea kwamba nilikuwa nafafanua kutokana na uzoefu. Akasema vizuri sana, uzoefu ndio unaotakiwa. Akauliza nilikaa mtaa gani hasa. Moabit, nikasema. Niliwahi kuliona jina hilo kwenye basi. Barabara ipi? Kikohozi kikanishika. Akanipigapiga mgongo kwa upole, na upole wenyewe ukanitisha.

Kuna jingine, baya zaidi. Alhamisi Klabu ya Wageni ina mjadala: Vienna au Berlin, wapi pa kuishi? Mwenyekiti ni Thijs Hoekstra, Mholanzi anayevaa skafu hata ndani ya nyumba. Huyu aliishi Berlin miaka minane. Ya kweli. Atasema yeye, kisha aseme mtu mwingine mwenye uzoefu. Marjeta kanitaja mimi. Ameshawathibitishia.

Jumatano, 5 Machi

Leo mwanzo wa Kwaresima. Vienna yote inakula samaki baridi wa siki na malai. Mungu hamtupi mja wake! Mkakati: kula mpaka niugue, kesho nisiweze kusimama.

Nikachagua duka nililolionea mashaka tangu zamani, lile ambalo paka hulikwepa. Sahani tatu. Muuzaji akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia nasubiri kuona.

Saa kumi na moja jioni. Tumbo tulivu. Sijawahi kujisikia na afya namna hii. Marjeta kasema ngozi yangu inang'aa.

Alhamisi, 6 Machi

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Ukumbi wa nyuma wa mkahawa, saa kumi na mbili jioni. Watu thelathini, divai, keki. Sisi wenye mishahara mizuri hujiita wageni. Wanaotufagilia ukumbi huitwa wahamiaji, na hakuna aliyewahi kunionyesha mpaka uko wapi. Bi Mshauri Wessely alikuwepo pia. Jirani yetu wa ghorofa ya pili, Mvienna wa kuzaliwa, miaka thelathini na minane katika ofisi ya kuandikisha makazi. Kastaafu, lakini cheo hakikustaafu. Ukimwita kwa jina tupu hakusikii. Huja klabuni kula keki na kutusahihisha.

Nilianza vizuri. Nikasema Berlin ni kubwa. Hakuna aliyepinga. Nikasema baridi yake huingia mifupani. Vichwa vikaitikia. Nikasema Vienna watu hukukatalia kwa adabu, Berlin hukukatalia tu. Wakacheka! Na hapo nikanogewa. Badala ya kuiponda Berlin nikaanza kujisifu. Nyumba yangu ya Moabit! Madirisha marefu, mti uani, na jiko zuri la mbao nililolikuta pale pale nilipoingia.

Thijs akanyanyua mkono. Akauliza, jiko nililikuta? Nikasema ndiyo, na makabati yake, na sinki lake.

Kumbe Berlin mtu akihama huhama na jiko! Hung'oa makabati, hung'oa sinki, wengine hung'oa mpaka taa. Anayeingia hukuta kuta na mabomba. Aliyeishi kule siku kumi analijua hilo. Mimi nilikaa tisa.

Thijs akanyoosha skafu yake. "Ndugu yangu, nyumba yenye jiko kule ni ya kupangishwa chini chini. Mtu hata kujiandikisha ofisini hawezi. Au wewe hukuwahi kujiandikisha?"

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikaona kamba, nikaishika kwa mikono miwili. Nikasema kwa sauti kubwa, ili hata wa nyuma wasikie, kwamba ndivyo ilivyokuwa hasa. Sikuwahi kujiandikisha. Miaka yote sita.

Uma ukaanguka. Ulikuwa wa Bi Mshauri.

Huku mtu anaweza kuachana na mkewe, akafilisika, akabadili dini, watu wakamhurumia. Lakini kuishi mahali bila ofisi kujua! Siku tatu za kwanza, kabla hujafungua sanduku, unapeleka fomu. Mtoto anajua. Mwanamke wa Porto aliyekaa karibu yangu akasogeza kiti chake. Bi Mshauri hakuokota uma wala hakumaliza keki, jambo ambalo halijawahi kutokea. Marjeta alikuwa anatazama sahani yake, mabega yakimtikisika. Nadhani alikuwa analia.

Ijumaa, 7 Machi

Saa mbili kamili asubuhi, mlango. Bi Mshauri, kofia kichwani, faili kwapani. Marjeta alikuwa keshaenda kazini. Nikasimama mlangoni na pajama kama mshtakiwa.

Akaniambia hakupata usingizi. Akaniambia amemwona kila aina ya mkosaji katika miaka thelathini na minane, ila wa miaka sita hajamwona. Kisha akatoa barua, imeshachapwa, kwenda ofisi ya makazi ya Berlin. Ndani yake mimi, Emrys Prosser, nakiri kwa hiari yangu kuishi Moabit miaka sita kinyume cha sheria, naomba radhi, na niko tayari kuhojiwa.

"Bwana Prosser," akasema, "mkosaji anayejileta ni nusu mkosaji. Anayesubiri kufuatwa ni mkosaji mzima."

Nikauliza, na nisipotia sahihi? Akasema basi itambidi aandike yeye mwenyewe, maana kasikia kwa masikio yake, na mwandiko wake hauna huruma. Nikatia sahihi. Ikatoka kama sahihi ya mtu mwingine. Akanifanya nitie tena.

Nikamkimbilia ngazini. Nikamuuliza, kwa mfano tu, kuhusu rafiki fulani, itakuwaje mtu akijishtaki kwa kosa ambalo hakulitenda? Akageuka polepole. Akasema ofisi humsamehe mkosaji. Anayeipotezea muda haimsamehe.

Basi nimekwisha! Kama niliishi, nina kesi. Kama sikuishi, nina kesi. Nikamtazama dirishani akielekea upande wa posta. Barabara haina gari hata moja, lakini akasimama kungoja taa ya kijani. Nikapata dakika nzima ya kushuka na kumnyang'anya bahasha. Nikabaki dirishani.

Marjeta amerudi kimya. Jedwali liko pale pale kwenye friji, na mstari wangu bado mtupu.

Jumamosi, 8 Machi

Posta imefungwa. Lakini nje kuna sanduku la njano la kutumbukizia barua. Nikafikiri: pengine jana alikuta foleni, akaitumbukiza humo. Mkakati: kuivua.

Nikachukua futi ya chuma ya Marjeta, ile ya kupimia mashimo ya lifti, mita nane. Nikabandika nchani gundi ya kunasia panya. Nikaiingiza polepole. Nikahisi karatasi! Nikavuta. Ikanasa. Nikavuta tena, futi ikaniponyoka, ikajikunja yenyewe kwa kishindo, ikatumbukia ndani yote. Mita nane!

Mkono ulikuwa bado ndani ya sanduku niliposikia mtu akinisalimia kwa heshima sana. Polisi. Akauliza nafanya nini. Napima, nikasema. Napima nini? Mdomo wa sanduku. Akauliza napimia nini. Swali zuri. Akaomba kitambulisho na anwani niliyoandikishwa. Nikaitaja nyumba, ngazi, ghorofa, mlango, bila kupumua, machozi yakinilenga. Nikamwambia nimeandikishwa, naapa, kila mara niliandikishwa. Akarudi nyuma hatua mbili. Akaniambia nikapumzike.

Jioni Marjeta akauliza ilipo futi yake. Nikasema nimemwazima mtu.

Jumapili, 9 Machi

Usiku kucha niliota ofisi. Asubuhi kengele za kanisa, mtaa kimya, hata mashine ya kufulia hairuhusiwi. Hakuna kelele ya kujificha nyuma yake. Marjeta akalibandua jedwali kwenye friji, akaliweka mezani, penseli juu yake. Akasema kesho anatakiwa kujibu. Umebaki mstari mmoja, na si wake kuujaza.

Nikatazama jina langu. Nikaona mambo yote kwa mara moja: yeye kwenye treni, mimi hapa na friji. Hofu ya ofisi ikawa ndogo. Hofu hii nyingine ndiyo kubwa, na nadhani ilikuwepo tangu kahawa ile ya kwanza.

"Sikuwahi kuishi Berlin," nikamwambia.

"Najua," akasema.

Akaenda kabatini, akarudi na faili la vyeti vya harusi. Ndani, fomu yangu ya kwanza ya makazi hapa Vienna. Umehamia kutoka nchi gani? Nimejaza kwa mkono wangu: Uingereza. Tarehe ina saba isiyo na kistari. Karatasi pekee niliyowahi kuijaza kwa ukweli mtupu, kwa kuogopa ofisi.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Nilingoja useme wewe, Emrys. Miaka tisa. Alhamisi klabuni nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, halafu nikarudi nyumbani nikaona si kichekesho. Nimeolewa na mtu anayeona heri kufungwa kuliko kuniambia alilala na homa hostelini."

Homa nayo alijua! Eti mama yangu alimsimulia.

Akafungua mkoba, akatoa bahasha. Barua ya Bi Mshauri! Haikufika posta. Bi Mshauri hatumi karatasi isiyohakikiwa, kwa hiyo Ijumaa alipita kwanza ofisini kwa Marjeta kuuliza namba ya nyumba ya Moabit. Marjeta akamweleza yote. Bi Mshauri akakaa chini, akashukuru Mungu kwamba mimi ni mwongo tu.

Nikauliza kama ataenda peke yake. Sauti ilinitoka ya mtoto. Akanisogezea penseli, akasema hataki kujua maji wala mkate. Anataka kujua ni wapi naogopa kidogo.

"Naogopa kila mahali," nikasema. "Ulipo wewe, naogopa kidogo."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Hayakupitia nilikozoea kutungia. Marjeta akafuta macho kwa ncha ya mkono wa sweta. Kisha akaichukua penseli mwenyewe, akaandika saba kwenye kisanduku cha Berlin. Bila kistari.

Akaweka sharti moja. Hataki tena kusikia miaka ambayo haikuwepo. Nikaapa. Nikaapa kwa kaburi la baba. Akauliza tena ilipo futi yake. Nikamwambia ukweli wote, na sanduku, na polisi, na gundi ya panya.

Mimi ni mtu mpya. Nahisi wepesi wa ajabu. Sitasema uongo tena maishani.

Jumapili, 1 Juni. Berlin.

Wiki ya tatu. Nyumba haina jiko, kama walivyosema. Kuta na mabomba. Tunachemsha mayai kwenye birika la umeme. Siku ya kwanza kabla ya kufungua sanduku nilikwenda kujiandikisha. Karani akasema hajawahi kuona mtu akifika na nakala kumi. Cheti nimekitia fremu, nimekitundika ukutani ambapo jiko lingekuwa.

Leo tumealikwa na klabu ya wageni ya hapa. Mikeka kando ya mfereji, saladi ya viazi, watu wa kila nchi. Wakauliza lile lile. Vienna au Berlin?

Kwa mara ya kwanza maishani nina uzoefu wa kweli! Miaka kumi na moja halali, yenye mihuri. Nikawaeleza maji ya milimani. Nikawaeleza mikahawa na Bi Mshauri. Kweli tupu, neno kwa neno. Marjeta ananitazama, anatabasamu. Nilijivuna.

Kisha Msweden mmoja mrefu akauliza nilikuwa nafanya kazi gani kule. Nikasema nafundisha Kiingereza. Akasema ahaa. Nikayaona macho yake yanateleza begani kwangu kuelekea kwenye saladi. Wengine nao wakaanza kugeuka. Wataniona mtu wa hivi hivi tu.

Ulimi ukatangulia. Nikasema Kiingereza kilikuwa cha mchana. Jioni nilifundisha waltz, kwenye shule ya kuwaandaa mabinti kwa madansi makubwa ya Vienna. Miaka sita.

Wote wakageuka. Vikombe vikasimama hewani. Mama mmoja kutoka Lima akasema amelitafuta jambo hili tangu ahamie. Msweden ana ufunguo wa ukumbi. Jumamosi ijayo, saa kumi jioni, somo la kwanza, mimi ndiye mwalimu. Karatasi ya kujiandikisha ikazunguka mikekani kabla sijameza viazi. Huku hata kucheza huanza na karatasi.

Imerudi kwangu na majina ishirini na manne. La kwanza kabisa, kwa herufi kubwa zilizonyooka za kiinjinia, ni la Marjeta. Njia nzima alikuwa anapiga mluzi, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu.

Sijalala. Sijui hata mguu upi huanza. Lakini nina mkakati. Harusini nilisingizia goti la kulia. Bado lipo la kushoto.